Trilioni 56 na kopi ya shilingi mia

Kila mwaka ikifika katikati ya Juni, wateja wangu huwa na swali moja: bia imepanda? Wengine wanauliza soda na sigara. Wa bodaboda anauliza mafuta. Baada ya hapo kila mtu anachukua kopi zake na kwenda zake, na bajeti ya taifa inakuwa imeshajadiliwa pale kwenye benchi langu mpaka mwakani.

Bajeti ya 2025/26, iliyosomwa Dodoma Juni 12, 2025, ilikuwa ya shilingi trilioni 56.49. Ya mwaka uliotangulia ilikuwa trilioni 49.35, na ya kabla ya hapo trilioni 44.39. Jioni ile kijana mmoja wa bajaji alichukua kalkuleta yangu ili azigawe hizo trilioni kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Sifuri zikagoma kuenea, ikabidi atumie simu. Akapata kama laki tisa na elfu kumi na tano kwa kila kichwa. Akasema, "Dada, mimi wanipe langu mkononi, barabara nitajitengenezea." Benchi zima likaangua kicheko. Nikamuuliza kama amewahi kukanyaga mkutano wa mtaa. Akanijibu kwamba ile ni mikutano ya wazee na watu wasio na kazi za kufanya.

Jibu lake limenikaa kichwani miezi yote hii, ndiyo maana naandika.

Mimi nina steshenari. Chumba kimoja, mashine moja ya kopi, printa mbili ambazo moja inaumwa kila masika, na dirisha linalotazamana na ofisi ya mtendaji wa kata. Kata yenyewe siitaji, nataka kuendelea kufanya biashara pale. Kopi shilingi mia, kuchapa ukurasa mmoja elfu moja. Hata wazee walionizaa wananiita dada wa kopi. Kila msaada wa serikali unaoingia kwenye kata yetu lazima kwanza uwe karatasi, na karatasi zikipungua kopi mtu anakuja kwangu. Kwa hiyo bila kusomea uchumi nimejikuta nazijua hela za serikali kwa sura zake: barua ya utambulisho, katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, fomu yenye mhuri uliofifia.

Na kutoka pale dirishani naona hivi: Juni ni siku ya kusomewa. Yanayotugusa sisi huku mtaani yanakuwa yameshaandikwa tangu Novemba mpaka Machi, kwenye vikao visivyo na kamera, na wanaonufaika nayo ni wale waliokuwa na makaratasi yao tayari.

Nianze na asilimia kumi, maana hiyo ndiyo inayonisaidia kulipa kodi ya fremu.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yaliyokwisha kupangiwa kazi maalumu kisheria, iwe mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Zamani ulikuwa ni utaratibu tu, halmashauri inatoa ikijisikia. Ulipoingizwa kwenye sheria mwaka 2018 ukawa wajibu. Mapato ya ndani maana yake ni ushuru anaolipa mama wa nyanya sokoni, leseni ya fremu yangu, ushuru wa huduma wa makampuni, na mengine ya namna hiyo. Ndiyo maana hunikera kidogo mtu akipata mkopo ule na kushukuru kama kapewa zawadi ya Idi. Ile hela ilitoka hapo hapo sokoni, ikazunguka mjini, ikarudi.

Kikundi ninachokikumbuka zaidi ni cha akina mama watano wanaopika chakula karibu na gereji. Walikuja kuchapa andiko la mradi. Andiko ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu linataka namba: mtaji, matumizi, faida, na namna mtakavyorejesha. Kuna vishoka mjini wanauza maandiko yaliyokwisha kuandikwa, elfu hamsini mpaka laki, na karibu yote ni kuku wa mayai au sabuni ya maji. Nimeshaona andiko la kuku wa mayai la kikundi kinachoishi kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja wa kutosha pikipiki mbili. Afisa maendeleo ya jamii si mtoto, akilisoma la tano lenye banda la futi zile zile anajua limetoka wapi.

Hawa wa gereji niliwaambia tuandike biashara yao wenyewe. Nikauliza kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi. Wanne wakatazamana. Wa tano, mnene kidogo, mpole, aliyekuwa hajasema neno tangu waingie, akajibu: "Saba ukipimia bakuli langu. Nane kama mteja ni mgeni." Kisha akaendelea bila karatasi: mafuta ya kula kiasi gani kwa siku, mkaa gunia linakwenda siku ngapi, maharage yakichemshwa usiku yanaokoa kiasi gani, siku zipi mafundi wanakopa na siku zipi wanalipa. Jumamosi wanalipa. Jumatatu usitegemee. Nikawa nachapa tu. Kurasa mbili na nusu, na katika maandiko yote niliyowahi kuchapa hilo ndilo ninaloliamini. Waliomba hela ya jiko kubwa la gesi, sufuria, meza, na turubai la kuzuia mvua.

Yakafuata mambo ya karatasi. Katiba ya kikundi. Muhtasari wa kikao cha kukubaliana kukopa, na sahihi za wote. Mmoja aliweka dole gumba na tukafuta wino kwa kanga yake. Namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Kadi wawili hawakuwa nazo, namba walikuwa nazo. Akaunti ya benki ya kikundi. Hapo tukakwama, kwa sababu mweka hazina jina lake la NIDA lina herufi moja zaidi ya lile la benki. Herufi moja! Wiki zikapita kwa ajili ya hiyo herufi. Barua ya mtendaji, halafu kuingiza maombi kwenye mfumo wa mtandao, ambao siku za mwisho wa mwezi unakuwa mzito kama foleni ya Tazara. Halafu kusubiri. Halmashauri yao (nayo siitaji) iliwazungusha mpaka mmoja akataka kujitoa. Hatimaye wakapata. Waliomba milioni kumi, wakapewa sita. Jiko la gesi lipo, turubai lipo, meza ni mbili badala ya nne, na marejesho wanalipa kila mwezi.

Sita siyo kumi, najua. Lakini mnajua nini kilikuwa upande wa pili? Kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kali. Yule yule mama wa bakuli alikuwa na mkopo wa laki mbili wa watu wale, anarejesha elfu nane na mia tano kila siku kwa mwezi mzima. Piga hesabu: laki mbili na nusu na ushee, na siku ukikosa wanakuja na kubeba meko yenyewe. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri haina wapinzani wakubwa kuliko hawa, kwa sababu wao hawaombi andiko. Wanatoa hela asubuhi ile ile. Serikali ikitaka kuwashinda si lazima iongeze mabilioni, ipunguze kwanza wiki za kusubiri.

Wapo watakaosema hizo hela ziliwahi kuliwa. Ni kweli zililiwa. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilitaja vikundi hewa na mabilioni ambayo hayakurejeshwa, na Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akatangaza bungeni kwamba mikopo isimame ili utaratibu uangaliwe upya. Ikasimama kweli. Mafaili ya vikundi yalilala kwenye kabati langu zaidi ya mwaka, mengine mende waliyala pembeni. Ikarudi mwaka wa fedha 2024/25, na halmashauri kumi zikachaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, Jiji la Dar es Salaam likiwemo. (Kwa wasiokaa Dar: tangu Februari 2021 "Jiji" ni iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zinazojitegemea. Watu wa Mbagala wanakwenda kuuliza mikopo Ilala na kurudi wamechoka. Uliza kwako kwanza.)

Kilichoniuma katika kusimama kule ni kwamba wezi walikuwa wameshakula na kunawa, na walioadhibiwa ni waliokuwa ndiyo kwanza wanapanga foleni.

Sasa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Huo mfuko ulianza mwaka 2000, na ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ambao watu ndio wanaouita TASAF ulizinduliwa mwaka 2012, kisha kipindi chake cha pili Februari 2020. Watu wengi wa mjini wanadhani ni mambo ya vijijini. Njooni kwangu wiki ya malipo. Ruzuku imekuwa ikitoka kila baada ya miezi miwili; walengwa wengi wanaipata kwa simu au benki, na wasio na simu wanafuata taslimu. Kaya yenye watoto inapewa masharti: mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mdogo apelekwe kliniki.

Kuna bibi mmoja wa mtaa wa nyuma analea wajukuu wawili. Siku hiyo alikuja amekunja uso, nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia kwa mbali. Ruzuku imekuja pungufu. Anataka nimchapie barua ya malalamiko, barua kali. Nikachapa. Akaenda nayo ng'ambo kwa mtendaji, akarudi baada ya nusu saa uso umebadilika kabisa. Kumbe mjukuu mkubwa anaaga kila asubuhi, anavaa sare, anapewa mia mbili ya maandazi, anaishia kwenye kibanda cha gemu mpaka saa nane. Mwalimu ameandika mahudhurio kama yalivyo, na mfumo ukakata. Mimi sijui kama kuna njia nyingine ambayo bibi yule angejua. Barua aliichana mwenyewe, akaniomba kiti, akakaa, akasema, "Huyu leo atanijua." Nilimrudishia elfu moja yake.

Bibi huyo huyo kwa hela ile ndogo alianza kuuza ubuyu na kashata kwenye meza nje ya nyumba. Sisemi ametajirika. Nasema mezani pana kitu cha kuuza, na hajaja kukopa kwangu tangu wakati huo.

Jambo moja la TASAF sijalimaliza moyoni. Kaya maskini zinatajwa kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu, kisha maofisa wanakuja na dodoso kuhakiki. Yaani jirani yako anasimama na kusema fulani hana kitu. Kuna mama aliona aibu hakuja, jina lake halikutajwa, na kila mtu alijua kwamba yeye ndiye mwenye shida kuliko wote. Lakini tukisema wachaguliwe ofisini na watu watatu, nadhani ndiyo tutaona wenye nyumba za tofali na geti wameingia. Nimewaza sana, sijapata dawa. Labda mjumbe angepita nyumba kwa nyumba kabla ya mkutano, kimya kimya, na kuandika.

Shule. Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022/23 kidato cha tano na sita nao wakaingia. Kinachofika shuleni ni ruzuku ya uendeshaji: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 25,000 kwa wa sekondari. Katika ile kumi ya msingi, elfu sita inaingia akaunti ya shule na elfu nne inabaki kwa ajili ya vitabu. Sasa chukua shule ya msingi ya hapa Dar yenye watoto 1,500, na zipo zenye zaidi. Elfu sita mara 1,500 ni milioni tisa kwa mwaka, sawa na laki saba na nusu kwa mwezi. Toa chaki, matengenezo ya choo, karatasi za mitihani, mpira wa michezo, ripoti. Hapo ndipo unapoelewa michango inatoka wapi. Mzazi anakasirika, "Si wamesema bure?" Mwalimu mkuu naye anakuja kwangu kukopa rimu za karatasi na kuahidi mwisho wa mwezi. Wote wawili nawaelewa. Ila mzazi ana haki moja ambayo haitumii: hesabu za hela hiyo zinatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Ukienda kikao cha wazazi, kabla hujabisha kuhusu elfu mbili ya mlinzi, omba kuona ubao.

Madarasa yenyewe yameongezeka, hilo halina ubishi. Mwaka 2021 serikali ilichukua mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, hela za UVIKO, na humo yakatoka madarasa 15,000 nchi nzima. Mwanangu alikaa kwenye mojawapo, lina harufu ya rangi mpya mpaka leo. Mwaka huo huo ndio tulianza tozo za miamala ya simu, ambazo zilileta kelele mpaka zikapunguzwa mara kadhaa. Na mwaka huo huo ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Na mwaka huo huo kodi ya jengo ikahamia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikawa 1,500. Mpangaji akinunua umeme wa kwanza wa mwezi inakatwa kwake wakati nyumba si yake. Mwenye nyumba anajua, na anajifanya hajui. Mgogoro huo umenipa kazi ya kuchapa mikataba ya upangaji yenye kipengele cha LUKU, kwa hiyo sitalalamika sana.

Kwenye afya nitapita haraka. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo wanatakiwa watibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Baba yangu anatumia dirisha la wazee na anahudumiwa vizuri, vijana wanampisha. Kumwona daktari bure, kipimo bure, halafu dawa ya presha anaambiwa akanunue nje. Si kila mara. Lakini inatosha. Kama mzee wako hana kitambulisho cha msamaha, mwanzo ni serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii, ukiwa na picha na kopi ya NIDA. Wengi wanakwenda moja kwa moja hospitali na kugombana na wahudumu pale mapokezi, kumbe mlango ulikuwa mwingine.

Halafu kuna mabati ya mbunge. Kila mtu ameshapigwa picha nayo. Mabati, mifuko ya saruji, madawati, na makofi kwa mheshimiwa. Mengi ya hayo yanatoka kwenye Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, upo kisheria tangu 2009, na hela yake inatoka kwenye bajeti hii hii ya kodi zetu. Mheshimiwa ni mwenyekiti wa kamati yake. Apigiwe makofi kwa kuendesha kikao vizuri, sawa, lakini saruji si ya mfukoni mwake.

Nirudi kwa yule wa bajaji aliyesema mikutano ya mtaa ni ya wasio na kazi. Njia ya hela ni hii. Mitaa inatakiwa ikae na kutaja vipaumbele vyake; utaratibu una jina refu, Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wataalamu wanauita O&OD. Vipaumbele vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, vinafika Baraza la Madiwani, vinaunganishwa na vya mkoa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na Aprili Bunge linaanza kukaa Dodoma kuvipitia mpaka Juni. Siku ya kupitisha bajeti wabunge wanaitwa kwa majina, mmoja mmoja, ndiyo au hapana, na Katiba inasema wakiikataa Rais anaweza kulivunja Bunge. Kwa hiyo ukisubiri Juni ndiyo useme mtaro wenu umeziba, unaongea na gari lililokwisha kupita kituo.

Mtaa wetu ulipotaja vipaumbele mwaka juzi tulikuwa watu wachache mno, wengi wao akina mama, na mzee mmoja ambaye huwa anakuja kulala. Kipaumbele cha kwanza kikawa uzio wa ofisi ya serikali ya mtaa. Uzio! Wakati mvua ya masika ikinyesha maji yanaingia vyumbani kwa watu, na kila mwaka tunainua magodoro. Kwa nini uzio? Kwa sababu waliokuwepo walikuwa wajumbe, na wajumbe ndio wanaokaa ofisini. Sijui kama ni ubaya wao. Ukiachiwa kalamu unaandika shida yako.

Pia si kila unachotaja kinapatikana. Kuna kitu kinaitwa ukomo wa bajeti: halmashauri inaambiwa mwaka huu usizidi hapa, na orodha ya mitaa yote inakatwa kuanzia chini. Na hata kilichopita si lazima hela yake ije yote. Barabara kubwa za huku uswahilini, zile zenye taa na mitaro ya zege, nyingi ni za DMDP, mradi wa kuendeleza Dar es Salaam kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maana mapato ya ndani peke yake yasingezifikia. Bonde la Msimbazi nalo, kule Jangwani ambako kila mvua kubwa mwendokasi ulikuwa unasimama, lina mradi wake wa namna hiyo. Vitu vya ukubwa ule haviamuliwi na mtaa. Mtaro wa upana wa mita moja unaamuliwa, au angalau unaombwa, na ukiombwa na watu mia mbili wenye sahihi zao unasomwa tofauti na ukiombwa na wanane.

Kwa hiyo mwaka huu nimefanya kitu. Nimechapa karatasi moja, "Ombi la wakazi kuhusu mtaro", nikaacha mistari ya majina, namba ya nyumba na sahihi, nikaiweka juu ya kaunta karibu na mashine ya kopi. Kila anayesubiri kopi anasaini. Kopi za karatasi hiyo sitozi. Yule wa bajaji naye amesaini, na chini ya jina lake ameandika "nataka laki tisa yangu". Nimelifuta hilo kwa wino mweupe.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, nje ya ofisi, viti vya kukodi. Mtaro ni ajenda ya tatu, baada ya ulinzi shirikishi na taka. Nimemwambia mwenyekiti kwamba nitauliza mtaro umeombewa kiasi gani na kwenye kifungu kipi, na kama uzio bado upo kwenye orodha. Amenijibu niulize, ila nisiwe na maswali marefu kwa sababu turubai limekodiwa mpaka saa sita tu.